Acheni Kuulaumu Mtutu

Kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema chini ya safu za Livingstone, neno ni moja: bunduki ikikosa, mtutu umekufa. Nimelisikia kwa wafanyabiashara wa kakao na mchele wenye leseni za silaha. Nimelisikia kwa vijana waliopitia JKT. Linaloniuma zaidi, nimelisikia kwa watu wa kazi yangu mwenyewe, hao ambao wananchi bado wanawaita Bwana Nyama na kuwapigia simu saa nane za usiku kiboko akiwa katikati ya mpunga. Wengine wanaongeza neno la pili, kwa sauti ya chini: bunduki imefungwa. Watu hudhani maneno haya ni ya watu wawili tofauti, moja la msomi na jingine la mtu wa kimila. Kwangu mimi ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanatafuta wa kulaumiwa kabla ya kutafuta kilicholegea.

Nayapinga yote mawili, maana jambo hili si la starehe ya wenye bunduki. Kiboko aliyepigwa pajani na risasi iliyokwenda ovyo harudi ziwani akafe kwa amani. Anajichimbia kwenye matete ya Mbaka au Lufilyo, na asubuhi anayekutana naye ni mama aliyekwenda kuchota maji, au mtoto aliyetumwa kufukuza ndege shambani. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Nimepeleka fomu za madai hayo kwenye nyumba zenye msiba. Najua zinavyopokelewa.

Basi nianze na bunduki moja niliyoishika kwa mikono yangu. Ni ya mzee mmoja wa upande wa Ipinda, mwenye leseni, mtu makini asiyecheza na silaha. Aliagiza itengenezwe kwa vipimo vyake: mashine ya Mauser ya mwaka 1898, ile ambayo dunia nzima bado inaiiga, mtutu mpya wa kaliba ya .375, kitako cha mti wa ng'ambo kilichochongwa kulingana na bega lake, na darubini juu. Ilimfikia mwezi wa kumi, jua kali. Akaipeleka Mbeya kwenye uwanja wa shabaha, ikapiga vizuri. Aprili, Kyela imejaa maji, ikaanza kutawanya. Kwa mita 100 matundu yalienea upana wa ungo. Fundi mmoja akamwambia mtutu umekufa, akampa bei ya mpya, na bei hiyo ilitosha kununua pikipiki.

Alinijia na karatasi yenye matundu mkononi. Akasema, "Bwana Nyama, wameniuzia mtutu mbovu."

Nikamwambia, "Baba, nipe karatasi."

"Ipi, ya leseni?"

"Hapana Baba, ya daftari tu."

Kwanza tulihakikisha bunduki haina risasi, si kwenye chemba wala kwenye magazini. Kisha nikaichana karatasi kwa ukanda, nikaupitisha chini ya mtutu, kati ya chuma na mti, nikauvuta kuelekea kwenye mashine. Bunduki ya namna hii imetengenezwa ili mtutu usiguse mti kabisa, tokea mdomoni hadi karibu na chemba. Karatasi ilikwenda vidole vinne ikakwama. Nikaivuta kwa nguvu, ikachanika. Mzee alitazama kipande kilichobaki chini ya mtutu, akanyamaza.

Mti ulikuwa umevimba. Nani wa Kyela atashangaa? Hapa mvua kwa mwaka ni kati ya milimita 2,000 na 3,000, na ziwa lenyewe liko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu vimekumbatiana. Milango yetu ya mbao inakataa kufunga kila masika, nasi tunaitwanga kwa bega bila kumlaumu mtu. Kitako cha bunduki nacho ni mbao. Kikivimba kinausukuma mtutu pembeni. Risasi inapofyatuka chuma kinatetema, na mti ukiwa unakigusa upande mmoja, mtetemo haufanani risasi hadi risasi. Mtutu ukipata moto unazidi kuusukuma mti, na matundu yanaanza kutambaa, la kwanza hapa, la pili juu yake, la tatu juu zaidi. Mtu anayejua kusoma karatasi anaona mstari huo na kujua pa kuanzia. Asiyejua anaona ungo na kusema mtutu umekufa.

Kisha nikachukua bisibisi. Skrubu ya mbele inayoshika mashine kwenye kitako ilizunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kukaza. Skrubu mbili za miguu ya darubini nazo zilikuwa zimelegea, si kwa kiasi ambacho ungekisikia ukiitikisa kwa mkono. Hapo ndipo watu wengi wananibishia. Wanasema, kitu kisichoonekana kwa macho kitapotezaje risasi nzima? Hesabu ni ya darasa la saba. Chukua darubini ambayo miguu yake imeachana sentimita 13. Mguu mmoja ukicheza milimita 0.1, unene wa unywele tu, kwa mita 100 mstari wa kulengea umehama karibu sentimita 8. Kwa bunduki isiyo na darubini, yenye vilengeo vilivyoachana sentimita 60, kilengeo cha mbele kikigongwa na kusogea milimita moja, risasi inahama karibu sentimita 17. Na shabaha ya kichwa cha kiboko aliyeinua macho juu ya maji haizidi kiganja.

Wapo wanaosema kosa ni la hewa: bunduki ilipimwa Mbeya kwenye baridi, mita 1,700 juu, ikishuka Kyela inachanganyikiwa. Hili nalo linazungumzwa kwa uhakika mkubwa. Ni kweli hewa ya bondeni ni nzito zaidi. Lakini kwa mita 100 risasi nzito ya .375, inayotoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, inafika kabla hewa haijapata nafasi ya kuisumbua. Tofauti haizidi milimita moja au mbili. Anayepiga mbali, mita 500 au 600, na aihesabu hewa. Sisi tunaopiga viboko kingo za Songwe tuiache.

Sasa nirudi kwa bunduki iliyofungwa. Sitaki kumdharau mtu, na mimi ni mtoto wa huku. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, ameeleza kwa kirefu imani ya wazee wetu juu ya pumzi ya watu: majirani wakinung'unika kwa haki dhidi ya mtu mkosaji, pumzi yao inamletea ubaridi na ugonjwa. Isome vizuri. Imani ile ilikuwa mahakama ya tabia. Ilimuuliza mtu kama amewanyima wenzake nyama ya karamu, kama amemtukana mkwewe, kama amejiona mkubwa kuliko kijiji. Haikuundwa kueleza skrubu. Anayeichukua leo kuelezea bunduki iliyokaa masika mawili bila kufunguliwa anaivunjia heshima imani ya babu zake zaidi kuliko mimi ninayekataa kuitumia.

Watanijibu kwamba fulani alikwenda kwa mganga na bunduki ikapona. Mtu kama huyo namfahamu. Kwanza, alivunja sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu umwachie silaha yako mtu asiye na leseni, awe mganga au awe shemeji. Pili, nilimuuliza ilikaa wapi. Wiki mbili, akasema, imening'inizwa ndani ya nyumba ya jikoni, moto ukiwaka asubuhi na jioni. Wiki mbili za moto mkavu! Mti ulinywea, mtutu ukaachiwa, risasi zikakusanyika. Akalipa mbuzi. Masika yaliyofuata bunduki ikafungwa tena, akatajiwa jirani mwingine, na majirani hao wawili, watu wa ukoo mmoja, mpaka leo hawasalimiani. Hapo ndipo ninapokasirika. Unyevu umekula mti, na sisi tumeuacha ule na undugu.

Ushahidi wa upande wa pili, wa waliobadilisha mtutu na bunduki ikanyooka, ni wa namna hiyo hiyo. Fundi hawezi kubadilisha mtutu bila kufungua kila kitu. Anatoa darubini, anatoa mashine kwenye kitako, anasafisha nafasi, anachonga kidogo ili mtutu mpya ukae, anarudisha skrubu zote na kuzikaza sawasawa. Bunduki ikirudi inapiga, na mwenye bunduki anaapa kuwa mtutu ule ulikuwa mbovu. Nani ameupima mtutu wa zamani baada ya kukaza skrubu zilezile? Hakuna. Umerekebisha mambo sita kwa siku moja na sifa zote ukampa la sita, kwa sababu ndilo ulilolipia. Ndiyo maana nasisitiza kubadilisha kitu kimoja, ukapiga, ukaangalia, ndipo ukagusa kingine. Anayekaza skrubu, kubadilisha aina ya risasi na kusogeza darubini asubuhi moja, hata akipona hajui amepona nini.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukua kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa watu waungwana wasio na fedha za kuchezea. Wanasema, risasi za .375 ni ghali na hazipatikani Kyela, wewe unatuambia tupige na kupima, tupime na nini? Nawaelewa. Lakini angalieni niliyoyafanya mpaka hapa. Ukanda wa karatasi ya daftari. Bisibisi. Macho. Hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa. Umaskini wa risasi ndio sababu ya kuanza na vitu visivyokula risasi, na ni mwenye fikra za mtutu umekufa anayezichoma bure, moja leo, mbili kesho, akitumaini bunduki itajirekebisha. Ongezeni na hili: angalieni mdomo wa mtutu kwa mwanga wa jua. Wengi wetu tunasafisha kwa kuingiza ufito wa chuma kwa mbele, na ufito unakwaruza ukingo pale risasi inapoachana na chuma. Mkwaruzo mdogo upande mmoja unaisukuma risasi inapotoka. Hilo linatengenezwa kwa kunyoosha ukingo tu, halihitaji mtutu mpya. Na kabla ya kulenga, futeni mafuta ndani. Bunduki iliyotoka kabatini imejaa mafuta hupeleka risasi ya kwanza kwake peke yake.

Risasi ya kwanza! Upofu wetu mwingi uko hapo, kwenye kuihukumu bunduki kwa risasi moja. Ziwa hili lina hadithi yake ya risasi moja. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhaven, ikaikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga kwa mzinga mdogo kutoka umbali wa kama yadi 2,000. Inasimuliwa hadi leo kuwa lilikuwa bomu moja tu, likafika. Iwe hivyo au isiwe hivyo, mzinga ule hatuujui. Bomu moja lililofika halituambii la pili lingekwenda wapi. Nimewaona watu wakipiga risasi moja kwenye kopo, likaruka, wakaweka bunduki kabatini kwa furaha. Nimewaona wengine wamekosa kopo hilohilo mara moja wakaenda kutafuta mtutu. Wote hawajui kitu. Piga tano, bila haraka, uache mtutu upoe, bunduki ikiwa imeegemea mfuko uliojazwa pumba za mpunga, pumba ambazo Kyela hazina bei. Kisha tazama matundu matano yamekaaje. Yamesongamana lakini pembeni? Bunduki ni nzima, sogeza darubini. Yamegawanyika makundi mawili? Kuna kitu kinachezacheza, mara nyingi ni mguu wa darubini. Yanatambaa kwenda juu? Mti. Yametawanyika bila mpango wowote? Hapo mtazame kwanza mtu aliyeshika bunduki.

Hili la mwisho halisemwi mbele za watu, kwa hiyo nalisema mimi. Bunduki ya .375 inasukuma bega zaidi ya mara mbili ya ile ya .308. Mwili una akili yake. Ukishapigwa mara kumi, unaanza kujikinga kabla ya kipigo, na mwenye mwili hana habari. Jicho linafumba, bega linajikunja, mkono unavuta chini nusu sekunde kabla ya mlio. Mlio ukija unafunika kila kitu, na mtu anaapa kwa Mungu kwamba alikuwa ametulia. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tulikwenda uwanjani na yule mzee, kwa kibali, siku ambayo mvua ilitupa nafasi. Nilimwambia mapema: "Baba, nitakuwa nakuwekea mimi. Mara risasi nzima, mara ganda tupu. Hutajua lipi ni lipi." Alikubali, akiwa na uhakika wake. Ya kwanza ilikuwa nzima, ikalia. Ya pili niliweka ganda. Alilenga muda mrefu, akavuta. Pakasikika mgongano mdogo wa chuma, tiki, na kwenye ule ukimya mdomo wa bunduki ukazama chini, upana wa kiganja kizima, mbele ya macho ya mwanawe wa kiume, mimi na yeye mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Alibaki amelala pale juu ya mfuko wa pumba, akiangalia mdomo wa bunduki ulipoishia. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ni mimi."

Nikamjibu, "Si wewe peke yako, Baba. Ni wewe, na mti, na skrubu."

Na huo ndio ukweli ambao neno la mtutu umekufa linatuzuia kuuona. Bunduki inayotawanya mara chache ina kosa moja kubwa. Ina makosa madogo matatu yaliyoshikana mikono. Ukirekebisha moja, mawili yanabaki yanatawanya, nawe unasema si hilo, unaendelea kutafuta mkosaji mkubwa. Lazima uende nayo moja moja mpaka mwisho hata kama la kwanza halikuleta nafuu unayoiona kwa macho.

Je, mitutu mibovu ipo? Ipo. Nimeiona. Mafundi wa bunduki za kuagiza nao ni watu, chemba hutobolewa ikaenda upande, mtutu ukakaa na kutu ya masika matatu mpaka mifereji ya ndani ikalika. Lakini mtutu uliokufa una dalili zake, nazo hazifichiki: unatawanya na kila aina ya risasi, hata baada ya kuondoa utando wa shaba ndani kwa dawa na brashi, hata mti haugusi, hata skrubu zimekaza, hata anayepiga ni mtu mwingine mwenye bega lililotulia. Aina ya risasi ni jambo la kupimwa kwa haki, kwani bunduki moja hupenda ya uzito wa gramu 19.4 na kuikataa ya gramu 17.5 bila sababu unayoweza kuibashiri. Ukipita hayo yote na bado matundu yana upana wa ungo, nenda kanunue mtutu, nami nitakusindikiza.

Wanawake wa Kikisi wanaoleta vyungu mnadani Lyulilo kila Jumamosi hawana bisibisi. Lakini mtazame mnunuzi mzoefu pale ufukweni. Anakiinua chungu, anakigonga kwa kiungo cha kidole, anasikiliza. Anakizungusha, anagonga tena upande wa pili. Hasemi udongo wa Ikombe ni mbaya kabla ya kusikia ufa uko wapi. Ustadi huo tunao hapa ziwani tangu zamani. Kwa nini tukishika bunduki tunausahau?

Kitako cha mzee alikishughulikia fundi mwenye leseni kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, akapanua njia ya mtutu mpaka karatasi ikapita bila kukwama, kisha akaupaka mti mafuta ndani na nje, hasa ndani, mahali watengenezaji wengi wanapopaacha pakavu kwa sababu hapaonekani. Skrubu zilikazwa na kuwekwa alama ya rangi ili zikilegea ionekane. Mzee mwenyewe alirudi nyumbani kufanya mazoezi bila risasi, dakika kumi kila jioni kwa mwezi mzima, sarafu ya shilingi mia imewekwa juu ya mtutu, akivuta mpaka isidondoke. Mtutu ni uleule alioambiwa umekufa.

Juni tulipiga tano. Zinafunikwa na kikombe cha kahawa. Aliikunja ile karatasi akaiweka pamoja na leseni. Akaniambia "ndaga fijo", kisha akaniuliza kama ganda tupu naweza kumwachia, ili mwanawe aanze naye.

Masika haya amenipigia simu. Karatasi ya daftari imeanza kugusa tena, kidogo, upande wa kushoto.

"Umepiga?" nikamuuliza.

"Sijapiga. Nimechukua msasa, nakwenda kwa fundi."